Kontena la Manjano la Mwalimu Mwanatatu

Boga Mwidani wa Mtongwe alikuwa mchoma chokaa, na binti yake Mwanatatu alikulia kando ya tanuri. Nyuma ya nyumba yao, upande ule wa Likoni unaoelekea hori, Boga alipanga magogo, akatandaza juu yake mawe ya matumbawe, kisha akawasha moto ulioachwa uwake mpaka mawe yawe meupe na mepesi. Yakishapoa aliyamwagia maji ili yavunjike yawe unga. Kuta nyingi za Likoni za zama hizo zilipakwa chokaa ya Boga.

Siku moja Mwanatatu, kabla hajaanza shule, alilichukua jiwe moja lililokwisha kuchomwa akalipakata. Lilikuwa baridi. Babake alipolirudisha chini na kulimwagia maji, jiwe lilipasuka, likatoa mvuke, na maji yakachemka kama yaliyo jikoni.

"Baba, moto umetoka wapi?" akauliza.

"Moto gani?"

"Uliochemsha maji. Jiwe lilikuwa baridi, nimelishika mimi mwenyewe."

Boga alisimama na ndoo yake mkononi. Alikuwa ameifanya kazi ile tangu ujana wake, na babake kabla yake. "Wallahi sijui," akasema. "Ndivyo lilivyo. Ukija kujua, uje uniambie."

Mtoto akalichukua neno lile kama ahadi. Alipoingia shule ya msingi aliwauliza walimu. Mmoja alimwambia hayo ni maajabu ya Mwenyezi Mungu, naye Mwanatatu hakubisha, ila alitaka kujua Mwenyezi Mungu aliyafanyaje. Mwingine alimwambia aketi chini, maana maswali ya moto na mawe ni ya wavulana.

Alifaulu mtihani akapata nafasi katika shule ya upili ya wasichana kule kisiwani Mombasa. Kila alfajiri alivuka maji, na kila jioni akarudi. Huko alikutana na mwalimu wa kemia aliyeitwa Bi Sarah Mweri, mwanamke mfupi wa Rabai asiyependa kelele. Wakiwa kidato cha tatu, Bi Sarah aliandika ubaoni habari ya chokaa: jinsi moto unavyoifukuza hewa iliyomo ndani ya jiwe, na jinsi kile kinachobaki, kikikutana na maji, kinavyoungana nayo kwa nguvu hata joto likatoka. Mwanatatu alisimama bila kuitwa.

"Mwalimu, hayo ni ya babangu!"

Wenzake wakamcheka. Bi Sarah hakucheka. Alimwita mbele ya darasa aeleze jinsi tanuri linavyojengwa, na kwa kipindi kizima binti wa mchoma chokaa ndiye aliyekuwa mwalimu.

Jioni ile alifika nyumbani akamkuta Boga akipanga magogo. Hata viatu hakuvua. Alimweleza yote, hatua kwa hatua, akichora mchangani kwa kijiti. Boga alisikiliza huku ameinama.

"Kwa hiyo ule moto niliouwasha juzi umelala ndani ya jiwe?"

"Si moto wenyewe, Baba, ila nguvu yake. Maji ndiyo yanayoiamsha."

Boga aliketi juu ya gogo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Jioni hiyo, baada ya sala, aliwahadithia wenzake wote barazani: mwanangu amejua moto unakolala. Mwanatatu alimsikia akiwa ndani, na mambo mawili yakamwingia moyoni. La kwanza, kwamba mzee wa makamo anaweza kufurahi kama mtoto kwa kujua jambo alilolizoea. La pili, kwamba yeye ndiye aliyempa furaha hiyo. Watu walipomuuliza atakuwa nani, wakitumaini atasema daktari au muuguzi, alijibu kwamba atakuwa mwalimu wa kemia.

Chuo kikuu kule Nairobi hakikuwa chepesi kwake. Katika darasa la kemia wasichana walihesabika, na wa kutoka Likoni alikuwa peke yake. Jamaa zake walimwambia mamake, Bi Rahima, kwamba binti atazeekea vitabuni na hakuna atakayemposa. Bi Rahima aliwajibu kwamba yeye hana haraka ya kula pilau. Alipohitimu, Mwanatatu alirudi pwani, akaolewa na Rashad, kijana wa Mtongwe aliyekuwa mwendesha kreni katika gati la makontena la Kipevu, na akapangiwa kazi katika shule ya upili ya kutwa ya Likoni. Ilikuwa shule ya wavulana na wasichana, yenye paa la mabati na ua wa michongoma.

Mwalimu mkuu, Felix Fondo, alikuwa mtu mwema aliyechoshwa na kazi. Alimkaribisha vizuri, kisha akampeleka mpaka kwenye chumba cha mwisho kilichoandikwa "Maabara" mlangoni. Ndani kulikuwa na madawati mabovu yaliyorundikwa hadi darini, na kuku wawili waliolalia mayai.

"Mwalimu, nisikufiche," akasema Fondo. "Hapa tunafundisha kemia ya mdomo."

"Na mtihani wa vitendo je?"

"Vifaa huazimwa. Huletwa asubuhi ya mtihani. Mwaka jana mtoto mmoja aliiona bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia, akadhani ni ya kupigia sindano." Akatikisa kichwa. "Matokeo yetu ya kemia ni ya mwisho kila mwaka, na wazazi wananiambia niwaondoe angalau wasichana katika somo hilo waache kutuaibisha. Nami naona ni kweli."

Mwanatatu alimwomba asimwondoe yeyote mpaka mwaka ule uishe. Fondo akakubali, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumvunja mwalimu mgeni siku yake ya kwanza.

Somo lake la kwanza bado linazungumzwa Likoni. Aliingia kidato cha pili na kanzu nyeupe ya mumewe begani. Kifuani mwa kanzu hiyo kulikuwa na doa la mchuzi wa biriani, manjano iliyokolea. Mkono wa pili alibeba karai la maji na kipande cha sabuni. Wanafunzi walitazamana.

"Nikilifua doa hili kwa sabuni, litakuwaje?" akauliza.

"Litageuka jekundu!" wakajibu kwa pamoja.

"Nani aliyewaambieni?"

"Kila mtu ajua, Mwalimu. Hata nyumbani huwa hivyo."

"Kwa nini huwa hivyo?"

Alilifua doa mbele yao, na kweli likageuka jekundu kama damu. Kisha akakata ndimu akalikamulia, nalo likarudi kuwa manjano. Akalifua tena, likawa jekundu. Darasa lilikuwa limesimama wima; walio nyuma walipanda juu ya madawati.

"Mama zenu wanaifanya kemia hii kila siku," akasema. "Sabuni iko upande mmoja, ndimu iko upande wa pili, na manjano ndiyo shahidi anayetuambia tuko upande gani. Leo tutayapa majina mambo mnayoyajua."

Kuanzia siku ile alikusanya maabara yake kutoka jikoni na madukani. Alinunua mabomba ya sindano mapya kwenye duka la dawa, akayageuza bureti. Chupa za jemu zikawa bika za kuchanganyia. Siki, magadi, ndimu na manjano vikachukua nafasi ya dawa ambazo shule haikuwa nazo. Kuku wa Fondo wakahamishwa, madawati yakatolewa nje yakaundwa meza. Wanafunzi walidondosha siki tone kwa tone mpaka mikono yao ikaacha kutetemeka, na waliokosea walirudia bila kufokewa. "Mkono hujifunza polepole kuliko kichwa," aliwaambia. "Upeni nafasi."

Mtihani wa mwisho ulipofika, vifaa viliazimwa kama kawaida. Msimamizi aliyetumwa kutoka nje aliwatazama wanafunzi wakizishika bureti za kioo kana kwamba wamezaliwa nazo. Akamwita Fondo pembeni.

"Mwalimu mkuu, watoto hawa wameonyeshwa mtihani?"

"Hapana, bwana," Fondo akajibu. "Wameonyeshwa manjano."

Matokeo yalipotoka, shule ile ya kutwa ilizipita shule nyingi za bara zilizokuwa na maabara za vigae. Wasichana waliotakiwa kuondolewa katika somo ndio waliokuwa juu. Fondo aliyabandika matokeo ukutani, akasimama mbele yake akiyasoma tena na tena kama asiyeamini, na jioni akawapigia simu wazazi wale waliomshauri, mmoja mmoja, akawasomea.

Habari zilisambaa. Walimu wa Changamwe na Kisauni wakaanza kuja Likoni siku za Jumamosi kujifunza jinsi ya kufundisha kwa vitu vya jikoni. Mwanatatu aliwapokea wote. Miaka ilipita, akazaa, akalea, akafundisha watoto wa wanafunzi wake wa kwanza. Lakini jambo moja lilimkera. Manjano na siki vilitosha kumfungulia mtoto mlango, ila mbele zaidi kulihitajika mizani, darubini na dawa zenyewe, na shule nyingi za kutwa hazikuwa na hata chumba cha kuviweka.

Siku moja wakila chakula cha mchana alimlalamikia Rashad.

"Kila shule yataka maabara yake, na hakuna inayoweza kuijenga. Vifaa nilivyopewa na chuo nilichosomea vimekaa stoo Likoni, na watoto wa Utange, kule Kisauni, hawavioni. Nitawaletaje watoto wote wale huku?"

Rashad alitafuna kwanza, kisha akameza. "Mwalimu," alizoea kumwita hivyo hata nyumbani, "mimi kazi yangu ni kunyanyua vyumba. Kutwa nzima nanyanyua vyumba vya chuma, navipakia juu ya malori, navyo vinakwenda mpaka Uganda. Wewe wataka chumba kimoja kiende Utange tu."

Mwanatatu aliliacha tonge mkononi.

Wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini, Katana, alikuwa na kontena lililotobolewa na kutu, lisilofaa tena kusafiri. Aliposikia ni kwa ajili ya shule, alilitoa bure. Mafundi wa Changamwe walilichomelea viraka, wakalikata madirisha, wakafunga meza za mbao pande zote mbili na tangi la maji juu ya paa. Mwanatatu alitaka lipakwe rangi ya manjano, na hakukubali kusikia rangi nyingine. Mwenye trela mmoja wa Kipevu aliahidi kulivuta bila malipo kila gari lake linapokuwa halina mzigo.

Siku lilipofunguliwa katika uwanja wa shule ya Likoni, mzee Boga alikuja na mkongojo wake. Alikuwa ameacha kuchoma chokaa zamani, na macho yake yalikuwa hafifu. Aliketi kwenye kiti cha mbele pamoja na wanafunzi wa kidato cha pili, akasikiliza somo zima, na alipoulizwa kama ameelewa akasema ameelewa yote ila atarudi kesho kuhakikisha. Alirudi kweli. Kabla ya kufariki alikuwa amehudhuria masomo mengi kuliko baadhi ya wanafunzi walioandikishwa.

Kontena lilizunguka bara yote ya Mombasa. Lilikaa Likoni, kisha likavuka kwa feri likapandishwa Changamwe, kisha Kisauni. Watoto waliliona likija kwa mbali wakakimbia kulilaki. Mwanatatu alilifuata siku za Jumamosi na za likizo, na baadaye wakubwa wa elimu wakamruhusu aifanye kazi hiyo kwa wiki nzima.

Kisha ukaja ule mwaka ambao watu wa pwani walikuwa na hofu. Kulikuwa na misako ya kutafuta magaidi, na watu walianza kutazamana kwa wasiwasi. Kontena lilikuwa Utange wakati huo, limewekwa katika uwanja wa shule moja. Mtu mmoja akasema ndani mna dawa za ajabu. Mwingine akaongeza kwamba zinanuka. Kabla ya wiki kuisha, uvumi ulikuwa umekamilika: yule mwanamke wa Likoni mwenye buibui anawafundisha watoto kuunda mabomu. Askari walikuja asubuhi wakatia kufuli yao mlangoni. Wazazi wakawatoa watoto wao katika somo.

Mmoja wa waliotolewa alikuwa Kanze Chengo, msichana wa kidato cha tatu. Kanze alikuwa mpole kupita kiasi. Darasani alikaa mwisho, na akiulizwa swali sauti yake haikufika dawati la tatu. Lakini mikono yake ilikuwa imetulia mno, na Mwanatatu alikuwa ameanza kumwachia kazi ngumu. Babake, Chengo, alikuwa kibarua wa ujenzi na mzee wa kanisa, na alipomkataza bintiye kulikaribia kontena, alifanya hivyo kwa kumwogopea.

Rashad alimsihi mkewe asiende Utange. "Waache wapoe kwanza. Watu wakiwa na hofu hawasikii."

"Nikikaa nyumbani, nimekubali waliyosema," akajibu. "Tena nimewaachia watoto waamini kwamba elimu ni kitu cha kufichwa."

Alikwenda kwa chifu akaomba baraza, na akaomba lifanyike pale pale uwanjani, kontena likiwa wazi. Chifu akakubali, na inspekta wa polisi akaja na ufunguo wa kufuli.

Watu walijaa chini ya turubali. Mwanatatu aliwasalimu, akawaamkia wazee, akasimama mbele yao bila karatasi. Aliomba kufuli ifunguliwe na kila chupa itolewe nje, iwekwe juu ya meza mahali watu wote wanaweza kuiona.

"Ulizeni lolote," akasema.

Inspekta ndiye aliyeanza. "Mwalimu, nijibu kweli. Humu mna kitu cha hatari?"

"Mna," akajibu, na watu wakaguna. "Mna asidi kali. Iko katika sanduku lile la chuma lenye kufuli, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Ikikumwagikia itakuunguza. Ndiyo maana watoto hufundishwa jinsi ya kuishika, na hawaishiki nisipokuwapo. Vingine vyote utavikuta nyumbani kwako: magadi, siki, chumvi, sabuni."

Chengo akasimama, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi sina elimu, na sikuja kukutukana. Lakini nina binti mmoja tu. Mambo mengine mtayasema kwa lugha ya vitabu, nasi tutaitikia tu. Nitajuaje kama mwanangu anafundishwa jambo la maana?"

Mwanatatu alifungua kinywa kumjibu, kisha akatazama nyuma. Kanze alikuwa ameinuka kutoka mwisho kabisa wa umati, akija mbele.

"Baba, naomba niwaeleze mimi," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, na watu wakanyamaza ili waisikie. Kanze alifika mezani, akachukua chupa mbili tupu. Moja akaitia maji ya mvua kutoka tangi la kontena. Ya pili akaitia maji ya kisima cha shule. Akatia kipande cha sabuni katika kila chupa, akazitikisa zote mbili. Ya mvua ikajaa povu hadi juu. Ya kisima ikabaki na utando mchafu unaoelea.

"Mama zangu," akasema, na sasa sauti ilikuwa imepanda kidogo, "nyinyi mnafua kwa maji haya. Sabuni inakwisha na nguo hazitakati. Sivyo?"

"Ndivyo!" akajibu mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Kache, muuza mboga maarufu pale Utange, ambaye wiki nzima ndiye aliyevumisha kuliko wote habari za mabomu.

"Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yakipita humo hubeba chokaa. Sabuni yako, kabla ya kushika uchafu wa nguo, inashikana na chokaa kwanza. Inaisha hapo. Huu utando ndio sabuni iliyokufa."

"Yaani sabuni yangu miaka yote hii imeliwa na chokaa?" Mama Kache akapaza sauti, na baraza lote likaangua kicheko.

Kanze naye akatabasamu. Alichukua magadi kidogo, akayakoroga katika maji mengine ya kisima, akaonyesha jinsi yalivyogeuka kuwa kama maziwa. Akasubiri unga mweupe utue chini. Alisubiri kwa utulivu, bila kuharakishwa na macho yote yale. Kisha akayamimina maji ya juu katika chupa ya tatu, akatia sabuni, akatikisa. Povu likapanda mpaka likamwagika mikononi mwake.

Wanawake walipiga vigelegele. Mama Kache alikuja mbele, akaitwaa ile chupa, akaitikisa mwenyewe ili ahakikishe. Inspekta aliiomba pia. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele aulizwe Mwalimu kama magadi yanafaa kwa nguo za rangi, na Mwanatatu akamwonyesha Kanze kwa kidole: "Muulizeni yeye."

Chengo alikuwa bado amesimama. Alimtazama bintiye akijibu swali lile, na lililofuata, na lingine. Hatimaye akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Endelea kuwaeleza, mama," akamwambia Kanze. "Eleza taratibu, wa nyuma hawasikii."

Inspekta aliamua kwamba sanduku la asidi likae ofisini kwa mwalimu mkuu kontena linapolala, na Mwanatatu akaona ni sawa. Kufuli ya polisi haikurudishwa mlangoni. Jumatatu yake watoto wote walikuwa wamerudi, na wengine ambao hawakuwahi kulichukua somo hilo wakaja kuuliza kama nafasi ipo. Mama Kache akawa anauza magadi pamoja na mboga zake, na kila mteja akapewa somo bila kuliomba.

Kanze alipata alama ya juu kabisa ya kemia mwaka uliofuata, wa kwanza kuipata katika shule ile. Siku ya matokeo Chengo alitembea kwa miguu kutoka kazini, nguo zake zimejaa saruji, akaja mpaka kontena lilipokuwa, akampa Mwanatatu mkono. Alitaka kusema neno, likakwama. Mwanatatu akamwambia, "Nimelisikia, Baba Kanze." Wote wawili wakacheka.

Leo yako makontena kadhaa bara ya Mombasa, na lile la Kisauni linaendeshwa na Mwalimu Kanze Chengo, ambaye wanafunzi wake wanamsikia hata walioketi nje. Shule nyingi zilizoyategemea makontena hayo zimekwisha kupata maabara za mawe. Mtaala mpya ulipokuja, na shule zikatakiwa zifundishe sayansi kwa vitendo, baadhi ya wakubwa wa elimu waliowahi kumwuliza Mwanatatu kwa nini hafundishi darasani kama wenzake ndio waliopanga foleni kumwomba awafundishe walimu wa pwani nzima.

Mwaka aliostaafu, chuo kikuu kimoja kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Mabasi mawili yalijaa wanafunzi wake wa zamani: wafamasia, wauguzi, mafundi wa mitambo ya maji, walimu, na mama wa nyumbani waliokuja na watoto mgongoni. Mzee Felix Fondo alikuja na fimbo, akawaeleza wote waliokaa karibu naye kwamba ni yeye aliyempa chumba cha kwanza, lakini akakiri kwamba kilikuwa na kuku. Rashad alivaa kanzu mpya, nyeupe pe, na akakataa kabisa kuguswa na sahani ya biriani.

Jina lilipotajwa, Mwanatatu alipanda jukwaani na joho jekundu juu ya buibui lake, na ukumbi ukasimama. Bi Rahima, mamake, sasa bibi kizee wa miaka themanini na kitu, aliketi mstari wa mbele.

"Wamesema mwanangu ni daktari?" akamwuliza Rashad kwa sauti iliyosikika hadi jukwaani.

"Ndiyo, Mama. Daktari."

"Na aliwaambia tangu mwanzo hataki kuwa daktari. Wamemlazimisha?"

Ukumbi ulicheka, mkuu wa chuo akacheka, na Mwanatatu akashindwa kuanza hotuba yake. Ilimbidi afute machozi kwa ncha ya joho. Kisha akasema maneno machache tu. Aliwashukuru wazazi wake, na Bi Sarah Mweri aliyemwachia ubao siku ile. Aliwaomba wanafunzi wake wasimame, nao wakasimama, safu baada ya safu, mpaka waliobaki wameketi wakawa wachache. Vigelegele vilivyopigwa hapo havikuwa vya ukumbini. Vilikuwa vya harusini.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku yake ya kwanza ya kustaafu. Rashad alidhani atamkuta amelala. Alimkuta mlangoni, viatu vimefungwa, na mkoba begani.

"Waenda wapi, daktari?"

"Changamwe. Kuna walimu wapya, vijana, wametoka chuoni majuzi. Wananingoja."

Walikuwa wanamngoja kweli, wameketi kwenye meza za mbao, wamenyoosha migongo kama watoto wa darasa la kwanza. Kijana mmoja kutoka bara ya mbali aliinua mkono hata kabla Mwanatatu hajaweka mkoba wake chini.

"Shikamoo, Mwalimu. Shule niliyopangiwa haina kitu chochote. Nianzie wapi?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Mwanatatu, akikunja mikono ya nguo yake. "Shule yenu ina wapishi?"

"Wapo wawili."

"Basi simama, uje hapa mbele, utueleze walipika nini jana."